Kunukuliwa sana si sawa na kugundua kikubwa

Tukisikia mtafiti wa saratani amenukuliwa mara elfu kumi, wengi wetu tunaamini papo hapo kwamba kagundua jambo kubwa. Asiyenukuliwa tunamwona hana lolote. Sivyo. Hesabu hiyo inaonyesha tu makala ngapi nyingine zimeitaja kazi yake. Ripoti za takwimu za saratani duniani hunukuliwa mno kwa sababu waandishi wengi huanza kwa kutaja idadi ya wagonjwa.

Chukua Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Mwaka 1958 akachapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza. Walioijali walikuwa wachache. Mambo yaligeuka kwa mhadhara wake wa London, 1961. Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alikuwemo ukumbini, akaomba vipande vya uvimbe ule, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, humpa mtafiti alama h akiwa na makala h ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h; kingeipa makala ile peke yake alama 1, hata ingenukuliwa mara laki.