Jasho si mafuta yaliyoyeyuka

Asubuhi hapa Tabora, kwenye barabara ya kutoka Ipuli kuja mjini, hukosi kumwona mtu anakanyaga baiskeli kavaa sweta zito na koti la mvua juu yake, na mbingu haina hata wingu. Jioni, baadhi ya wanaojifunza karate hujifunga nailoni tumboni. Imani ni ya siku nyingi: jasho likitoka, mafuta yanayeyuka.

Haikuzuka hewani. Ukipanda mzani baada ya zoezi, kweli umepungua. Ila kilichopungua ni maji. Lita 1 ya jasho ina uzito wa karibu kilo 1, na jasho lenyewe ni maji yenye chumvi kidogo. Kazi yake ni kupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Nailoni huzuia hilo, joto linabaki ndani, na kwa jua la Oktoba mtu anaweza kuzimia njiani. Mafuta yakichomwa mwilini hugeuka kaboni dayoksaidi na maji, na sehemu kubwa hutoka kwa pumzi.

Jipime mwenyewe. Panda mzani kabla ya safari, panda tena ukifika, kisha kunywa maji nusu lita na urudie: nusu kilo imerudi palepale. Anayetaka kujua kama kitambi kinapungua, achukue futi ya fundi cherehani, apime kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya chai.