Joho Lililonuka Moshi: Dhana Potofu na Ukweli

Joho la bwana harusi halitiwi majini. Ni la sufu, sufu hujikunja ikilowa, na tarizi yake ya uzi wa dhahabu huharibika. Litundike usiku mmoja karibu na masufuria ya pilau ya kuni, asubuhi linanuka jiko. Hapo kila mtu ana dawa yake, na nyingi hulidhuru.

Dhana: Lifukize udi, harufu itaondoka.
Harusi ya pwani bila chetezo mimi siijui. Lakini udi nao ni moshi. Kinachonuka ni masizi na mafuta membamba, yakiwemo ya jamii ya fenoli (kemikali za moshi zenye harufu kali), yaliyonata kwenye nyuzi. Ukilifukiza unaongeza tabaka juu ya tabaka. Bwana harusi akianza kutoka jasho, harufu ya kuni inarudi. Manukato ya chupa ni yale yale, tena huweza kuacha doa. Moshi wa kuni utoke kwanza, udi ufuate.

Dhana: Magadi yoyote yanafaa.
Tafadhali, hapa tusikosee. Magadi ya kulainishia maharage ni alkali kali, na alkali hula sufu na hariri. Inayosaidia ni soda ya kuokea, ambayo ni mpole zaidi. Hiyo inyunyize kwenye kochi au zulia, ilale usiku kucha, kisha uifyonze. Kwenye joho usiimwage: unga ukiingia ndani ya tarizi, kuutoa ni kazi.

Dhana: Jua kali humaliza kila kitu.
Jua hupausha rangi. Kinachofanya kazi ni upepo. Lipitishie kwanza kifyonza vumbi taratibu, mdomo wake umefungwa kitambaa chepesi, bila kusugua, maana masizi yakisuguliwa huzama. Kisha litundike kivulini penye upepo siku kadhaa, ukiliingiza ndani kabla unyevu wa jioni haujashuka.

Dhana: Mkaa wa jikoni hunyonya harufu.
Hunyonya kidogo tu. Mkaa amilifu, ule wa kwenye vichujio vya maji, una vitundu vingi mno hata gramu moja ikawa na eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 500. Uweke kwenye bakuli ndani ya sanduku lenye joho, visigusane.

Likikataa, lipeleke drai klina, kwani dawa zao huyeyusha mafuta bila maji. Mwambie fundi mapema kwamba ni moshi, asilipige pasi kabla harufu haijatoka.