Ofa imekubaliwa, ila nyumba bado si yako

Juzi dada mmoja amenipigia saa nne usiku anashangilia, kaka tumepata nyumba, wamekubali ofa, kesho tunaenda kununua sofa. Nikamwambia hongera sana dada yangu, ila hiyo sofa iache dukani kwanza. Akanuna kidogo na namwelewa, maana kwetu ukishakubaliana bei na mwenye nyumba, mjumbe yupo, na umeshatoa hela ya kishika uchumba, huyo mtu akikugeuka ni aibu ya ukoo mzima. Hapa England hakuna aibu. Mwenye nyumba anaweza kukubali ofa yako Jumatatu, wiki ya tano akaja mtu na pauni elfu kumi zaidi, akampa yeye, na sheria haimgusi. Na wewe pia unaweza kuamka asubuhi ukasema sitaki tena, yakaisha. (Scotland wana utaratibu wao, msichanganye.)

Mi kazi yangu ni sarveya, nakagua nyumba kabla watu hawajanunua, na naishi Earley, pembeni ya Reading. Ukitoka Reading na basi hutajua umevuka mpaka wapi, ila takataka zako zinachukuliwa na kaunsili (halmashauri) nyingine kabisa, ya Wokingham, na kodi ya kaunsili inaenda huko. Upande mmoja kuna nyumba za miaka ya 1930 zimekaa mbili mbili zimeegemeana ukuta, upande wa kusini kuna Lower Earley iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, vijibarabara vinajikunja halafu vinaishia kwenye uzio wa mtu, madereva wa mizigo wanapotea kila siku. Watu wetu wanapapenda kwa sababu ya shule na treni. Sawa kabisa, ila shule na treni haziwezi kukwambia kama kuta za nyumba ni kavu.

Turudi kwenye ofa. Kinachokufunga ni siku mawakili wa pande zote mbili wanabadilishana mikataba iliyosainiwa, na hapo unakuwa umetoa dipoziti, mara nyingi asilimia 10 ya bei. Ukijitoa baada ya hapo hiyo hela imeondoka. Siku ya funguo inakuja baadae, wiki moja, mbili, mnavyokubaliana. Kati ya ofa na kubadilishana mikataba inapita miezi miwili, mitatu, wakati mwingine inavuka hapo kwa sababu ya cheni, yaani wewe unasubiri muuzaji wako apate kwa kuhamia, na yeye anamsubiri wa kwake, mtu mmoja huko mbele akiachwa na mkewe cheni nzima inakatika. Watu wanaichukia hii miezi. Mi naona ndo zawadi pekee mnunuzi anayopewa na huu mfumo, maana ndo muda wa kuchimba, ila wengi wanautumia kuchagua mapazia.

Kosa nnaloliona zaidi ni mtu kuniambia hapana sihitaji sarveya, benki imeshatuma wa kwao. Ndugu yangu, yule wa benki anaangalia kama nyumba inatosha kulipa deni siku ukishindwa, basi. Wakati mwingine haji kabisa, anakaa kwenye kompyuta anaangalia nyumba za jirani ziliuzwa shilingi ngapi. Kwa nyumba ya kawaida omba ukaguzi wa Level 2, ule wa kati, na ikiwa ya zamani sana au imeshavunjwavunjwa omba Level 3, ule wa kina zaidi. Wanaozifanya ni masarveya wa RICS, chama chetu cha kitaaluma, na ripoti inakuwa yako wewe, sio ya benki.

Mfano nyumba ya 1930 hivi. Cha kwanza naangalia nje chini kabisa, ile DPC, mafundi wa nyumbani wote wanaijua, lile tabaka kwenye tofali za chini linalozuia maji yasipande ukutani. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15. Sasa miaka imepita, mtu kamwaga zege apaki gari, mwingine kaja kaweka vitofali juu ya zege, ardhi imepanda mpaka imeifunika DPC, na ndani plasta inatoka kama ngozi ya nyoka. Halafu anakuja jamaa wa "ukaguzi wa unyevu bure", anachomeka kidude chake ukutani kinalia, anakwambia ukuta unahitaji kuchomwa dawa, pauni elfu kadhaa. Anayekagua bure ndo huyohuyo anayeuza dawa! Mara nyingi kinachotakiwa ni sepetu na kurekebisha gata la paa linalovuja.

Cha pili, lile dirisha la mbele lililochomoza kama tumbo. Zamani fremu zake za mbao zilikuwa zinabeba uzito wa juu, watu wakaja kuweka madirisha ya plastiki bila nguzo ndani yake, plastiki haibebi kitu, tumbo linaanza kushuka taratibu. Ukiona ufa juu ya dirisha na mlango wa chumba cha juu unagoma kufunga, simama hapo.

Cha tatu ndo kinaninyima usingizi. Vyumba vingi vilikuwa na meko ya kuota moto, na dohani mara nyingi inapanda kwenye ukuta mnaochangia na jirani. Mtu anataka sebule kubwa anavunja kifua cha dohani (yale matofali yake yaliyochomoza chumbani) chini, juu anakiacha. Yaani matofali tani nzima yananing'inia kwenye dari, na hakuna biimu. Nikiingia sebule ya 1930 nikakuta ukuta umenyooka safi napanda darini moja kwa moja na tochi. Kama kazi ilifanywa vizuri kuna cheti cha kaunsili, mwambie wakili wako akidai.

Sasa hela, na hapa nasema na sisi hasa. Kodi ya stempu, ile unayoilipa serikali ukinunua nyumba. Toka Aprili 2025, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza halipi kitu mpaka pauni 300,000, na analipa asilimia 5 kwa inayozidi hapo mpaka 500,000. Bei ikipita 500,000 huo msamaha unafutika wote. Ila "mara ya kwanza" maana yake hujawahi kumiliki nyumba popote duniani, na ile nyumba ya Kimara au ya Kitengela uliyojenga kwa overtime ya miaka tisa inahesabika. Na kama bado unayo na thamani yake inafika pauni 40,000, unaongezewa asilimia 5 ya bei nzima kama mtu wa nyumba ya pili, hata kama hapa umepanga chumba. Piga hesabu ya nyumba ya 450,000: asiyewahi kumiliki analipa 7,500, wewe mwenye nyumba Kimara 35,000. Nimeona mtu analia kwenye gari. Mwambie wakili mapema, siku ya kwanza, usifiche, na kiwanja kitupu ni habari nyingine, muulize nacho.

Mwisho jirani, maana unanunua na ukuta wake. Muuzaji anajaza fomu ndefu kusema kama kuna ugomvi wowote na majirani, na akidanganya unaweza kumshtaki, ndo maana huku watu wanavumilia ngoma za jirani miaka mitano bila kuandika hata barua, wakijua siku ya kuuza itabidi waitaje. Kwa hiyo fomu inakuwa safi. Mi niliponunua ya kwangu nilipiga hodi kwa bibi wa pembeni, akanipa chai, akaniambia bustani ya nyuma inajaa maji kila Februari. Ilikuwa Julai, nyasi zimekauka kama ukili. Nikarudi kuangalia mfereji, umeziba wote, tukapunguziwa pauni elfu nne.

Jumamosi naenda na yule dada kwenye hiyo nyumba yake, na utabiri unasema mvua, ndo vizuri zaidi, tutaona magata yote.