Mbeya hakuna kinu cha nyuklia, lakini vyanzo vya mionzi vipo

Tangu mradi wa urani wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, uanze kutajwa mara kwa mara kwenye vyombo vya habari, maswali yanayotufikia kutoka Mbeya, Njombe na Iringa yanafanana: kinu cha nyuklia kinajengwa wapi, na sisi majirani tuhamie wapi? Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia. Afrika Kusini wana Koeberg, karibu na Cape Town, na Misri wanajenga cha kwao El Dabaa. Namtumbo ni mradi wa uchimbaji. Urani ikitoka ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya urani-235, yaani aina ya urani inayozalisha nishati, ilhali vinu vingi huhitaji asilimia 3 hadi 5. Mgodi wa urani una mambo yake ya kusimamiwa, yaani vumbi, gesi ya radoni yenye mionzi na maji ya mabaki, na hayo ndiyo ya kuulizia kwenye mkutano wa kijiji. Anayesimama kuuliza kama mgodi utalipuka kama bomu anapoteza nafasi ya wenzake.

Hata anayeishi jirani na kinu halisi, kinapofanya kazi kawaida, hupata nyongeza ndogo mno ya mionzi. Kila binadamu hupokea wastani wa milisivati (kipimo cha mionzi mwilini) 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, miamba, hewa, chakula na anga. Jirani wa kinu kwa kawaida haongezewi hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho.

Ajali ni habari nyingine, na hapa watu wa Nyanda za Juu Kusini wana sababu ya kusikiliza. Kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka mwaka 1986, iodini-131, yaani iodini yenye mionzi, ilianguka kwenye malisho, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa. Tezi ya shingo haitofautishi iodini hiyo na iodini ya kawaida, yaani madini joto, na tezi yenye upungufu wa madini joto hufyonza zaidi. Wakazi wa kule walikuwa na upungufu huo. Milima yetu nayo ilijulikana kwa rovu, uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu huohuo. Tumieni chumvi yenye madini joto kila siku. Lakini chumvi si dawa ya mionzi. Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, watu China waligombania chumvi madukani wakidhani itawakinga. Kidonge cha iodini cha kinga, kinachotolewa ajali ya kinu ikitokea, kwa mtu mzima kina takriban miligramu 100 za iodini, na kilo nzima ya chumvi haifikishi kiasi hicho. Kidonge chenyewe hulinda tezi tu, tena dhidi ya iodini yenye mionzi tu.

Kinachotukosesha usingizi sisi kiko karibu zaidi: vyuma chakavu. Hospitali, migodi, viwanda na makandarasi wa barabara hutumia vifaa vyenye vyanzo vya mionzi, vikiwemo vipimo vya mgandamizo wa udongo. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walichukua chanzo cha seziamu-137, metali yenye mionzi, kwenye kliniki iliyoachwa, kikauzwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Unga wake uling'aa rangi ya buluu, watu wakagawiana. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6, na zaidi ya watu 100,000 walilazimika kupimwa.

Kwa hiyo, wenye mizani Mwanjelwa, Uyole, Makambako na Tunduma: ukiletewa kifaa chenye alama ya mabawa matatu kwenye rangi ya njano, au kigudulia kizito kuliko ukubwa wake, usikikate, usikiyeyushe, usikirudishe kwa aliyekileta. Sogeza watu mbali, zuia njia, toa taarifa polisi na Tume ya Nguvu za Atomu. Kwa mwenye kifaa, Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003 inataka leseni ya kukimiliki, na kukiingiza, kukisafirisha, kukihamishia kwa mwingine au kukitupa vyote vinahitaji idhini. Leseni ya biashara ya vyuma chakavu haichukui nafasi ya leseni hiyo. Mradi ukiisha, wajibu wa mwenye leseni hauishi mpaka makabidhiano yaidhinishwe kwa maandishi. Atakayekiuka anashtakiwa.

Aliyekwisha kukigusa anawe kwa maji na sabuni, asile wala kuvuta sigara kabla ya hapo, na nguo alizovaa zifungwe kwenye mfuko. Akienda hospitali aseme wazi kwamba aligusa chuma cha namna hiyo. Kichefuchefu, kutapika na ngozi kuungua hufanana na maradhi mengine. Goiânia wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa kudhaniwa wana maradhi ya kawaida, na siku zikapotea.