Je, Wajua Kwa Nini Programu Haihifadhi Kumbukumbu Yake Kama Ilivyo?

Wengi wanaoanza kuandika programu huamini kwamba kuhifadhi data ni kunakili tu: baiti zilizo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) zinamwagwa kwenye faili, kesho zinarudishwa, kazi inaendelea. Kwa orodha ya namba tupu, kwenye kompyuta ileile, njia hiyo hukubali kabisa, na ndiyo maana imani hii haing'oki upesi. Ikija data yenye viungo, yaani kipande kimoja kinachoelekeza kwenye kingine, inavunjika.

Chukua programu ya Tabora inayoshika vituo vya Reli ya Kati. Tukiruka vituo vidogo, kutoka Tabora unafika Kaliua, na hapo njia inagawanyika: moja Mpanda, nyingine Uvinza hadi Kigoma. Kwenye kumbukumbu, Kaliua haishiki jina la Mpanda. Inashika anwani, namba ya baiti 8 kwenye kompyuta ya biti 64, inayosema Mpanda imewekwa wapi. Anwani hiyo ni kama namba ya kiti kwenye treni. Ukiandika "mwenye mzigo huu yuko behewa la 3, kiti cha 14", ni sahihi kwa safari ya leo. Kesho kiti kilekile kina abiria mwingine, au kitupu, au behewa lenyewe halikufungwa. Tena mifumo endeshi ya sasa hubadilisha makusudi mahali programu inapopakiwa kila inapowashwa, ili wavamizi wasikisie anwani. Kwa hiyo ukifungua faili lililonakiliwa hivyo, programu itaanguka, au itasoma data isiyohusika na kuendelea kimyakimya. Hilo la pili ndilo baya zaidi.

Dawa ni kuacha anwani na kukipa kila kituo namba ya kudumu ndani ya faili; namba zinazofuata jina ni za majirani zake:

1 Tabora: 2
2 Kaliua: 1, 3, 4
3 Mpanda: 2
4 Uvinza: 2, 5
5 Kigoma: 4

Wakati wa kusoma, pita mara mbili: kwanza umba vituo vyote bila viungo, kisha rudi uviunganishe. Kwa mpito mmoja utakwama mstari wa kwanza tu, kwani unataja kituo cha 2 ambacho bado hakijaumbwa.

Kuandika nako kuna mtego. Tabora inataja Kaliua, Kaliua inataja Tabora. Programu inayoandika kila kituo pamoja na majirani zake wote itazunguka bila kikomo. Kwenye lugha ya programu ya Python, moduli ya json, inayohifadhi data kama maandishi, hugundua mzunguko huo na kutoa kosa. Pickle, moduli nyingine ya Python ya kuhifadhi data, huuweza, kwa sababu hukumbuka ilivyokwisha kuandika na kuvirejelea kwa namba. Ila usifungue kwa pickle faili la mtu usiyemwamini: linaweza kuendesha amri zilizofichwa ndani yake.

Na umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi? Faili la zamani likifunguliwa kwa modi ya "w" (ya kuandika) ya Python, hufutwa lote kabla hata herufi moja mpya haijaingia. Andika faili jipya pembeni, kwenye folda ileile, lisukume hadi kwenye diski kwa fsync, ndipo ulipe jina la lile la zamani kwa os.replace. Hapo umeme ukizima, unabaki na la zamani zima au jipya zima.