Je, wajua kwamba uchache peke yake haumpi mdudu wa jangwani ulinzi wa sheria?

Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, karibu na mji wa Kanab, kuna matuta ya mchanga yenye rangi ya waridi inayoelekea chungwa. Yanaitwa Coral Pink Sand Dunes, na eneo lake ni ekari 3,500 hivi. Ndani ya mchanga huo, na si kwingine popote duniani, anaishi mbawakawa ambaye wanasayansi wanamwita Cicindela albissima. Mabawa yake ya juu, yale magumu yanayofunika mgongo, ni meupe, yamepitiwa na ufito mwembamba wa wekundu pale yanapokutana. Miguu na sehemu kubwa ya mwili ina vinyweleo vyeupe, na macho ni makubwa kuliko unavyotarajia kwa mdudu wa ukubwa huo.

Mtu akisikia kwamba kiumbe huyu hana makao mengine, jambo la kwanza analosema ni: alindwe basi, mnangoja nini? Nami nilianza hivyo hivyo. Lakini Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1973, haianzi kwa kuuliza wapo wangapi. Inauliza nini kinawatishia, na tishio hilo ni kubwa kiasi gani.

Kwa kawaida safari huanza na ombi, na raia yeyote anaweza kuliandika. Idara ya Samaki na Wanyamapori hupewa siku 90, kadiri inavyowezekana, kusema kama ombi lina uzito wa kutosha. Likiwa nao, ndani ya miezi 12 tangu ombi lipokelewe inatakiwa itoe jibu kamili. Katika jibu hilo hupimwa mambo matano: kuharibiwa kwa makao, kukamatwa kupita kiasi, magonjwa na wanyama wawindaji, udhaifu wa sheria zilizopo, na sababu nyingine yoyote ya asili au ya binadamu. Hata moja tu kati ya hayo, likiwa zito, linatosha.

Kabla ya yote lazima ijulikane anayezungumziwa ni nani hasa. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo, sheria inaruhusu kulinda hata kundi moja la mahali fulani. Wadudu hawana nafasi hiyo. Wao ni lazima wawe spishi kamili au nususpishi, yaani tawi lililotambuliwa ndani ya spishi. Mbawakawa wetu kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa nususpishi tu ya mwenzake anayeishi kwenye michanga mingine ya Amerika Kaskazini, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ukaonyesha kwamba anastahili kuitwa spishi. Hapo ndipo unaona jinsi kazi ya kimya ya maabara inavyoweza kubeba hatima ya mdudu aliye mbali kabisa na maabara hiyo.

Kisha kuna kuhesabu, na hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Mdudu mzima huonekana zaidi majira ya kuchipua. Hukimbia, husimama ghafla, hukimbia tena, kwa sababu mbawakawa wa jamii hii hukimbia kasi hadi macho yao yanashindwa kufuatilia windo, hivyo ni lazima wasimame ili walione upya. Ukiwa mtulivu unaweza kuwahesabu kwa kutembea juu ya matuta.

Lakini sehemu kubwa ya maisha yake hupita ardhini akiwa buu. Buu huchimba shimo la wima mchangani, akaziba mdomo wa shimo kwa kichwa chake kilichobapa, akangoja. Sisimizi au nzi akipita karibu, humrukia na kumvuta chini. Mgongoni ana kinundu chenye kulabu zinazomshika kwenye ukuta wa shimo, ili windo lenye nguvu lisimng'oe. Hatima yake yote inategemea unyevu kidogo uliojificha chini ya mchanga mkavu. Mvua ikikosekana, mabuu wengi hawafiki utu uzima. Ndiyo maana idadi ya wazima imekuwa ikipanda na kushuka, kutoka mamia hadi karibu 3,000. Sasa, mwaka wa idadi ndogo unakuambia nini? Kwamba kiumbe anakwisha, au kwamba ulikuwa mwaka wa ukame? Huwezi kujibu bila kuhesabu miaka mingi mfululizo, na wadudu wachache sana wa jangwani wana bahati ya kuhesabiwa hivyo.

Tishio lililo wazi kwake ni magari ya kuendea mchangani, maana sehemu kubwa ya matuta hayo ni hifadhi ya burudani na watu huja kwa ajili ya michezo hiyo. Gurudumu humponda mdudu, lakini pia hukausha mchanga na kupunguza wadudu anaowala. Juu ya hayo kuna ukame na joto linaloongezeka. Mwaka 1994 ombi la kumlinda liliwasilishwa. Mwaka 1997 serikali kuu, jimbo na wilaya zilitia saini makubaliano ya kuyazuia magari katika sehemu fulani. Oktoba 2012 Idara ilipendekeza rasmi aorodheshwe, yaani aingizwe katika orodha ya viumbe wanaolindwa na sheria ile. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2013, ililiondoa pendekezo, kwa hoja kwamba makubaliano yalikuwa yamepanuliwa na sehemu kubwa zaidi ya makao yake sasa imefungwa kwa magari.

Mimi naiona hoja hiyo kuwa na mantiki, maana mchanga uliofungwa leo una faida kuliko orodha itakayobishaniwa mahakamani miaka kumi. Hata hivyo inanitia wasiwasi. Makubaliano hudumu kadiri waliotia saini wanavyotaka yadumu.

Jimbo jirani la Nevada lina mbawakawa kadhaa ambao kila mmoja anajulikana kwenye eneo moja au mawili tu ya matuta. Mwaka 2012 ombi la kuwalinda sita kati yao lilikataliwa. Eneo dogo, bila ushahidi wa tishio linalowapunguza, halikuhesabiwa kuwa hatari. Linganisha na mbawakawa mwingine, Dinacoma caseyi wa Palm Springs, California, aliyeorodheshwa mwaka 2011. Jike lake haliruki. Hutoka hadi kwenye mdomo wa shimo lake na kungoja dume limfikie. Kipande cha ardhi kikijengwa nyumba, majike wa kipande cha pili hawawezi kuvuka barabara kuja kukijaza tena. Pale tishio lilikuwa linaonekana kwa macho, na ekari 587 zikatangazwa kuwa makao muhimu, yaani ardhi ambayo sheria inaitambua kuwa ya lazima kwa uhai wake.

Fedha nazo je? Wakati wa kuamua kama kiumbe aorodheshwe, sheria inakataza kupima gharama. Ushahidi wa kisayansi ndio pekee unaosikilizwa. Gharama huingia baadaye, makao muhimu yanapochorwa kwenye ramani. Wadudu wamewekewa pia kifungu kisichomgusa mnyama mwingine yeyote: mdudu mharibifu ambaye ulinzi wake ungeleta hatari kubwa mno kwa binadamu hawezi kuorodheshwa, hata akiwa wa mwisho duniani.

California ina sheria yake ya jimbo, na humo wadudu hawakutajwa kabisa. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliamua kwamba nyuki bambi wanaweza kulindwa wakiwa ndani ya neno "samaki", kwa kuwa sheria ya jimbo inalifafanua neno hilo hadi kuwajumuisha wanyama wasio na uti wa mgongo.

Kwa mbawakawa wa Utah, mlango haukufungwa mwaka 2013. Ombi jipya lenye ushahidi mpya linaweza kuwasilishwa wakati wowote, na hatari ikizuka ghafla serikali ina uwezo wa kumpa ulinzi wa dharura wa siku 240 huku uchunguzi ukiendelea. Siku 240 ni chache kwa buu anayehitaji zaidi ya mwaka mmoja mchangani kabla hajawa mbawakawa.