Mvua na L yake iliyopotea

Desemba moja mvua ya kwanza ya msimu ilitukuta sokoni Masasi, nasi watu kama sita tukakimbilia baraza ya duka la jirani. Mzee mmoja Myao aliishukuru kwa kuiita *ula*. Kijana wa Kimakonde aliyeteremka kutoka Newala akasema kwao ni *imbula*. Bibi Mmakua aliyekuwa amefunika mihogo yake kwa turubai akatamka *epula*. Mimi ninayefundisha isimu, yaani elimu ya lugha, nilibaki na *mvua* yangu ya Kiswahili, na nikaona kwamba kati ya maneno yote yaliyotajwa pale barazani, langu peke yake ndilo lisilo na L.

Maneno hayo manne ni neno moja. Tangu mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof alipochapisha uchunguzi wake wa sauti za lugha za Kibantu mwaka 1899, wanaisimu wamekuwa wakilinganisha lugha hizi neno kwa neno na kukisia umbo la lugha mama, yaani lugha ya kale iliyozizaa zote, na katika umbo hilo mvua ilikuwa na *mb* mwanzoni, *l* au sauti ya jamii yake katikati, na baina yao *u* iliyobanwa sana mdomoni. Lugha mama ilikuwa na irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano tu, kwa kuwa *i* na *u* zilizobanwa zilikuja kuungana na zile za kawaida. Kabla ya kuungana, hata hivyo, zilikwishaiharibu konsonanti iliyozitangulia, zikaifanya itoke kwa mvumo: *b* ya mvua ikawa *v*.

Wanafunzi huniuliza kwa nini apikaye haitwi “mpiki”. Jibu ni lilo hilo. Kiishio cha mtendaji kilikuwa *i* iliyobanwa, ndiyo maana pika ikazaa mpishi, linda ikazaa mlinzi, lewa ikazaa mlevi na iba ikazaa mwizi. Lakini kiambishi *ki-* cha *kitu* na *kisu* kilikuwa na *i* ya kawaida, kwa hiyo *k* yake ikasalimika. Leo masikio yetu hayazitofautishi tena *i* hizo mbili, na anayejifunza Kiswahili huambiwa akariri tu. Sipendi jibu hilo.

Kiyao kiliipoteza konsonanti ya mwanzo, na Kimakua kikaigeuza *mb* kuwa *p*, lakini zote mbili ziliitunza L. Kiswahili ndicho kilichoidondosha, hasa mbele ya *a* na *o*: *njala* ikawa njaa, *mvula* ikawa mvua. Mbele ya *i* na *e* ilisalia, kama tunavyoiona katika mwili, kivuli, mchele na nywele. Jambo hili hunifurahisha kuliko yote katika sarufi yetu, kwa sababu L iliyotoweka hurudi kila inapofuatwa na *i*: mama amezaa, lakini mtoto alizaliwa, mlango tunaufungua, nao hufunguliwa, tunajua jambo, nalo hujulikana. Hakuna aliyeipachika L hiyo ili kurahisisha matamshi. Ilikuwapo siku zote. Wapo wakaidi, *lala* akiwa mmoja wao, na wala sijidai kwamba kanuni za sauti hazina kasoro.

Tazama sasa maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu: sala, balaa, halali, kalamu. Yote yana L mbele ya *a*, na hakuna iliyoguswa. Ninavyoelewa mimi, yaliingia wakati ile kanuni imekwisha kufanya kazi yake, mithili ya mgeni anayefika baada ya kodi kukusanywa. Kwa njia hiyo sauti zenyewe hutuonyesha kipi kilitangulia na kipi kilifuata, hata pale ambapo hatuna maandishi.

Mvua ilipopungua nilimgeukia yule bibi. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba, ikiwa *mb* ya mvua imekuwa *p* katika Kimakua, basi mbuzi naye hana budi kuanza na *epu*.

“Bibi, shikamoo. Samahani, mbuzi kwenu mnamwitaje?”

“Marahaba, mjukuu wangu. *Epuri*,” alinijibu huku akikung'uta turubai. “Unataka kununua?”